Kikundi chetu kinatunza kichwa cha treni cha dizeli hapa Tanga: je, tuiwashe injini?

*“Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea hapa Tanga. Tuko kumi na wanane: wastaafu wa reli, walimu wawili, mafundi magari wa Ngamiani na vijana waliomaliza VETA. Tunatunza kichwa cha sogeza (cha kupangia mabehewa) cha dizeli, kile chenye jenereta na mota za umeme, ambacho kiliegeshwa njia ya pembeni miaka mingi na kilikuwa kinaelekea kukatwa chuma chakavu. Mwenye mali alituruhusu kwa mdomo. Tumefyeka majani, tumekifunika kwa turubai na tumenunua rangi. Sasa tunagombana. Mzee wetu mmoja, aliyekuwa fundi wa vichwa, anasema injini ni nzima na tukiazima betri za lori itawaka mchana mmoja, na watu wakisikia mlio wake michango itakuja. Vijana wanataka iwake siku ya maonyesho yetu mwezi Novemba. Mweka hazina anasema fedha zilizobaki hazitoshi hata kununua oili. Wengine wanasema dizeli si urithi, bora tungetafuta kichwa cha mvuke. Mimi nimechoka kusuluhisha. Tuiwashe au tusiiwashe? Na kikundi kama hiki kinaendeshwaje kisife?”*

Marahaba, ndugu mwenyekiti, na poleni kwa kazi. Katika barua yako naona hofu mbili zilizofungamana: hofu ya kuiharibu mashine mliyoiokoa, na hofu ya kuwapoteza watu walioiokoa pamoja nawe. Nitaanza na jibu lenyewe ili lisikusumbue unaposoma mengine. Novemba msiiwashe. Mzee wenu huenda anasema kweli kabisa kwamba injini ilikuwa nzima siku ilipozimwa. Hata hivyo, injini iliyozimwa ikiwa nzima na kisha ikasimama miaka mingi karibu na bahari imebadilika ndani, na hakuna fundi, awe hodari namna gani, anayeweza kuijua hali yake kwa kuitazama kwa nje au kwa kukumbuka jinsi ilivyokuwa ikivuta.

Kwanza tuondoe hoja ya kwamba dizeli si urithi, kwa kuwa kikundi kisichoamini thamani ya kile kinachokitunza hakitavumilia kazi inayokuja. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na kweli kwa miongo mingi ilitegemea mvuke. Lakini tangu mwaka 1960, Reli za Afrika Mashariki zilipoanza kupokea vichwa vikubwa vya dizeli vya kampuni ya English Electric ya Uingereza, mvuke ulianza kupungua, na watu wengi wa Tanga walio hai leo, wakifunga macho na kuikumbuka treni, wanasikia ngurumo ya dizeli. Anayetaka mvuke anaweza kwenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi akakitazame kichwa namba 5930, kilichopewa jina la Mlima Shengena wa huku kwetu Upare. Vichwa vya mvuke vimeshapata wa kuvililia. Vichwa vya dizeli ndivyo vinavyokatwa vipande leo bila mtu kugeuka, kwa sababu vinaonekana bado ni vyombo vya kazi tu.

Wenzenu wa Uingereza waliliona hilo mapema. Mwaka 1977 watu walioupenda mtindo wa vichwa unaoitwa Deltic, ambavyo vilitengenezwa 22 tu na kampuni hiyohiyo ya English Electric, waliunda chama wakati vichwa hivyo bado vinavuta treni za kasi kati ya London na Edinburgh. Vilipoondolewa kazini mwanzoni mwa mwaka 1982, chama kilikuwa kimekusanya michango kwa miaka kadhaa, kikaweza kununua viwili na baadaye cha tatu. Nawataja kwa sababu ya mpangilio wao: watu na fedha vilikusanywa kabla ya chuma. Ninyi mmeanza na chuma, jambo ambalo si kosa kwa kuwa msingekichukua kingekatwa, lakini maana yake ni kwamba sasa mnalazimika kujenga nyuma ya chuma hicho yale ambayo wenzenu waliyajenga mbele yake.

Turudi kwenye injini. Adui yenu ni maji, na maji huingia hata pale ambapo hamkuona mvua ikiingia. Bomba la moshi lililoachwa wazi hupokea masika yote ya Machi hadi Mei na vuli ya baadaye, na maji hayo hushuka taratibu kupitia njia ya moshi hadi kwenye vali, na vali iliyosimama ikiwa wazi huyapitisha hadi ndani ya silinda. Maji ya kupozea yaliyoachwa ndani ya injini hula mpira unaoziba sehemu ya chini ya laina, yaani bomba ambamo pistoni hutembea, kisha hutiririka hadi kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Na hata pasipo mvua wala uvujaji, chuma kizito hupoa usiku na asubuhi hewa yenye unyevu wa Tanga hukigusa na kuacha umande, nje na ndani, siku baada ya siku.

Hatari yenyewe ni hii. Hewa ndani ya silinda hukubali kubanwa, maji hayakubali. Chukua injini ya Alco 251, aina iliyotumika sana katika vichwa vilivyotoka Kanada na India. Silinda yake moja ina upana wa karibu milimita 229 na mwendo wa pistoni wa karibu milimita 267, yaani ujazo wa lita 11 hivi. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni karibu lita moja tu. Mkizungusha injini kwa nguvu ya betri wakati silinda moja ina maji yanayozidi nafasi hiyo, pistoni itagonga maji kama inayogonga jiwe, na kitakachopinda ni konrodi, mkono unaoishika pistoni, au kitakachopasuka ni hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Hapo hamtakuwa tena na injini inayongoja kuwashwa. Mtakuwa na injini iliyokufa mikononi mwenu, mbele ya wageni mliowaalika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuwasha, ni kuchungulia. Fungueni milango ya pembeni ya krenkesi, yaani sanduku la chini la injini, mchukue tochi yenye mwanga mkali, mtazame juu kwenye ncha za chini za laina, moja baada ya nyingine, mkiandika namba ya kila silinda. Chini, fungueni koki ya sampo polepole sana na kukinga kwenye chupa angavu kile kinachotoka kwanza, kwa maana maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Yakitoka maji matupu kabla ya oili, au oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa, mmepata jibu lenu kwa gharama ya chupa moja. Baadaye, mkiwa mmejiridhisha na hatua hiyo, jazeni maji safi katika mfumo wa kupozea, myaache usiku kucha, kisha asubuhi mpite tena na tochi mkitafuta tone. Tone moja kwenye laina ya tatu lina thamani kubwa kuliko maneno ya mafundi kumi, kwa sababu linaonyesha mahali pa kufungua.

Kuizungusha injini kunakuja baada ya hapo, na huzungushwa kwa mkono. Fungueni vali za majaribio zilizo kwenye hedi, au kama hazipo ng’oeni nozeli za kupulizia mafuta, ili kila silinda iwe na tundu la kutolea kilicho ndani. Pitisheni oili kwenye beringi kwanza, kwa pampu ya oili ya kichwa chenyewe ikiwa inafanya kazi au kwa pampu ya nje, kwa sababu baada ya miaka ya kusimama oili yote imeshuka na chuma kimelalia chuma. Kisha kwa mtaimbo, taratibu, mizunguko miwili kamili ya krenki, maana injini ya mipigo minne humaliza kazi yake katika mizunguko miwili. Mkono unaosukuma mtaimbo unahisi ugumu na kusimama. Betri haihisi kitu. Hapa ndipo Mzee wenu atakapokuwa na thamani kubwa kuliko mtu yeyote katika mkoa huo.

Kuhusu betri za lori, nazijua fikra zilizomfikisha huko, kwa kuwa fundi wa Kitanzania amezoea kupata njia. Lori hutumia volti 24. Vichwa vya treni vya dizeli na umeme hutumia volti nyingi zaidi, kwa kawaida 64, 72 au 110 kutegemea nchi vilikotengenezwa, na katika vichwa vingi hakuna stata ndogo kama ya gari: jenereta kuu yenyewe hugeuzwa kuwa mota kwa muda na kuizungusha injini nzima, ikivuta mamia ya ampia. Hata mkiunganisha betri nyingi za lori hadi volti zitimie, mtakuwa mnapitisha mkondo mkubwa ndani ya jenereta ambayo hamjaipima.

Jenereta na mota za kuvutia, zile zinazozungusha magurudumu, ndizo sehemu ninazozihofia zaidi kuliko injini, na vikundi vingi havizifikirii kabisa kwa sababu hazina mlio. Nyaya zake zimezungushiwa kizio, yaani kitu cha kuzuia umeme usivuje, nacho hufyonza unyevu, na vumbi la kaboni lililobaki kutoka kwenye brashi, likichanganyika na chumvi ya upepo wa bahari, huwa njia ya umeme kuvuja hadi kwenye bodi. Fundi umeme mwenye mega, kile kipimo cha ukinzani wa kizio, anaweza kuwapa jibu asubuhi moja. Kanuni ya zamani ya mafundi ni megaomu moja, ukiongeza megaomu moja kwa kila volti 1,000 za mashine. Kwa hiyo kwa mashine ya volti 1,000 mkisoma chini ya megaomu 2 msipitishe umeme wowote. Vipimo vya chini havimaanishi kwamba mashine imekufa. Mara nyingi vinamaanisha kwamba imelowa, na dawa yake ni usafi wa brashi laini na hewa kavu, kisha joto la taratibu kwa siku kadhaa, huku mkipima kila siku na kuandika. Kabla ya kupima lazima vifaa vya elektroniki na rilei ya uvujaji (swichi inayogundua umeme unaovuja) vitenganishwe, ndiyo maana nasisitiza awe fundi umeme anayejua mashine kubwa, si anayefunga nyaya za nyumba.

Sasa turubai. Najua mmelinunua kwa fedha zenu, na niwaombe mlitoe. Turubai lililogusa chuma na kufungwa hadi chini huzuia mvua ya juu lakini hufungia unyevu wa chini, na chini yake kutu hukimbia kuliko kwenye chuma kilichoachwa wazi kikipigwa na jua. Jengeni paa la mabati juu ya nguzo, lizidi bodi kwa nusu mita au zaidi kila upande, na upande unaopokea upepo wa kusi uteremshwe zaidi. Pande ziachwe wazi hewa ipite. Zibeni bomba la moshi kwa kifuniko cha bati chenye utepe mwekundu unaoning’inia, ili mtu asije akakisahau siku injini itakapowaka. Nikiambiwa nichague jambo moja tu ambalo kikundi chenye fedha kidogo kifanye mwaka huu, nitachagua paa hilo, na sitasita.

Rangi isubiri. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta maji kupitia rangi yenyewe, na baada ya miezi michache mtaona malengelenge. Osheni bodi kwa maji baridi safi na brashi, mkikaa mbali na milango ya jenereta na kabati la umeme, na msitumie mashine ya maji ya kasi. Kwangueni kutu hadi chuma, osheni tena, kausheni, kisha pakeni praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Na kabla hamjakwangua hata kidogo, pigeni picha kila namba, kila alama na kila tabaka la rangi ya zamani, kwa maana hapo ndipo historia ya kichwa hicho ilipoandikwa na ikifutika hakuna nakala.

Uliniuliza tuwashe au tusiwashe, lakini swali lililo nyuma yake ni mnataka kichwa hiki kiwe nini. Kinaweza kuwa kitu cha kutazamwa, kikiwa kikavu, kimepakwa rangi, watoto wakipanda kwenye kabini na kuelezwa. Kinaweza kuwa cha kutazamwa ambacho injini yake huwashwa mara chache kwa mwaka pasipo kusogea. Kinaweza kusogea mita mia chache kwenye njia yake ya pembeni. Na kinaweza, katika ndoto za vijana wenu, kuvuta behewa kwenda Muheza. Sipendi kuua ndoto, ila ngazi hii ya mwisho inadai magurudumu na ekseli kupimwa nyufa, breki za hewa na matangi yake kufanyiwa majaribio, dereva mwenye leseni, bima, idhini ya Shirika la Reli na ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Ni kazi ya miaka na ya fedha ambazo kikundi cha watu kumi na wanane hakizipati kwa michango ya mwezi. Ushauri wangu ni mchague ngazi ya kwanza kwa moyo mweupe, huku mkifanya kila kazi kwa namna isiyofunga ngazi ya pili: msikate kwa gesi, msichomelee, msitupe kipuri hata kama kimevunjika. Watakaokuja baada yenu wakiwa na uwezo zaidi watawashukuru.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako ni yale maneno “alituruhusu kwa mdomo.” Wengi hudhani kwamba kitu cha zamani kinalindwa na sheria kwa uzee wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na imetaja hata milango ya kuchonga ya kabla ya mwaka 1940, ile mnayoiona mitaa ya zamani ya Tanga na Pangani. Kichwa cha dizeli hakimo humo, isipokuwa waziri akitangaze kuwa kitu kinacholindwa. Maana yake ni kwamba leo mkijenga paa, mkanunua vipuri na mkafanya kazi mwaka mzima, kesho akabadilika bosi aliyewaruhusu, kichwa kinaweza kuuzwa kwa mnada pamoja na jasho lenu. Kama ni mali ya umma, aliyewaruhusu kwa nia njema huenda hana hata mamlaka ya kuitoa, kwa sababu mali ya umma huondolewa kwenye daftari kwa utaratibu wake.

Ombeni basi makubaliano ya maandishi ya kutunza kwa muda maalumu, tuseme miaka kumi, yanayotaja namba ya kichwa, mahali kilipo, nani ana haki ya kuingia eneo la reli na kwa masharti gani, nani anamiliki vipuri mtakavyoongeza, na mtapewa taarifa ya miezi mingapi kikitakiwa. Mtatakiwa kuwa na sura ya kisheria ya kuweka saini. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii kinatosha kufungua akaunti na kuanza, lakini siku mtakapotaka kumiliki kichwa chenyewe, ongeeni na wakili juu ya kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ili mali iwe ya bodi na isiwe ya mwenyekiti, hata mwenyekiti mwema kama wewe. Nendeni pia mkazungumze na watu wa Makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani. Wamezoea kuhifadhi historia ya Tanga kwa nguvu ya watu wa Tanga, na barua ya kuwaunga mkono kutoka kwao itafungua milango.

Sasa watu. Vikundi vya namna hii haviuawi na ukosefu wa fedha mara nyingi kama vinavyouawa na mtu mmoja anayejua kila kitu akaugua, akahama au akanuna. Kwenu mtu huyo ni Mzee. Mkimpinga hadharani mbele ya vijana atakaa nyumbani, na mtapoteza maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote mtakachopata. Mwendeeni kwake, wewe na mwingine mmoja, kwa heshima anayostahili, mmwambie kwamba kikundi kimeamua kwamba injini haitawashwa mpaka orodha ya ukaguzi ikamilike, na kwamba mnamwomba yeye aiandike orodha hiyo na awe wa kwanza kutia saini. Saini ya pili iwe ya fundi mwingine asiye mwanafunzi wake. Fundi wa miaka mingi anajua ndani ya moyo wake kwamba hakuna karakana iliyowahi kuwasha injini ya namna hiyo pasipo ukaguzi. Alichokuwa akikitafuta, nadhani, ni kuona kazi yake ina thamani akiwa bado hai. Mpeni hiyo thamani kwa njia nyingine. Kila Jumamosi kijana mmoja akae naye na simu, arekodi sauti na picha: koki hii ni ya nini, bolti hii hukazwa kwa mpangilio upi, injini ikitoa moshi mweupe fundi huanzia wapi.

Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu, lisitoke eneo la kazi. Kila siku ya kazi iandikwe tarehe, waliokuwepo, kilichofunguliwa, kilichoonekana na kilipowekwa. Bolti zilizotoka sehemu moja ziingie kopo moja, na kopo liandikwe kwa rangi, si kwa karatasi itakayoliwa na mende. Nimeona kichwa kilichofunguliwa kwa shauku na watu wenye ujuzi, kisha wenye ujuzi wakatawanyika, na waliobaki wakaachiwa makopo thelathini ya bolti ambazo hakuna aliyejua zinakwenda wapi. Kichwa hicho hakikufungwa tena. Daftari lingekiokoa.

Vijana wa VETA hawatakaa kwa sababu ya hotuba juu ya urithi. Watakaa wakishika kitu na kukimaliza. Mpe mmoja saa za kabini, mwingine madirisha na mipira yake, wawili kabati la breki, na kila mmoja ajue kwamba sehemu hiyo ni yake na jina lake limo daftarini. Msiwape mafundi magari mamlaka juu yao kwa kigezo cha umri peke yake. Fundi gari ana mikono mizuri lakini jenereta kuu ni jambo geni kwake pia.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mweka hazina wenu anaonekana ana akili timamu. Akaunti iwe na watia saini watatu, mapato na matumizi yasomwe kila mkutano hata yakiwa sifuri, na msipange kazi kwa fedha za mfadhili ambaye bado hajaleta. Michango ya vitu, kama mabati, nguzo, grisi na siku moja ya fundi umeme, hupatikana Tanga kwa urahisi zaidi kuliko fedha taslimu. Waombeni watu kile walicho nacho.

Yapo mambo ambayo sitaki mjaribu kwa ushauri wa maandishi, hata wangu. Vichwa vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu: ile nguo nyeupe au ya kijivu iliyozungushiwa mabomba ya moshi, na pengine ndani ya vifaa vya kukatia umeme mkubwa. Msiichane, msiifagie, msiipulize. Igubikwe kwa plastiki na muite wataalamu kupitia OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Matangi ya hewa yasijazwe mpaka mkaguzi ayaone, kwani tangi lililoliwa na kutu kutoka ndani halionyeshi dalili nje. Oili chafu na asidi ya betri zisimwagwe ardhini. Ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni nani mwenye kibali cha kuzichukua. Kichwa kisisogezwe hata nusu mita, kwa jeki, trekta au kreni, bila watu wa reli kuwepo na kukagua mataruma, reli na ekseli, ingawa ni kweli kwamba kukisogeza kidogo mara chache kwa mwaka huzinusuru beringi za magurudumu. Na wakati wote, hata mnapofagia tu, breki ya mkono iwe imefungwa, kabari ziwe pande zote mbili za gurudumu, na asiwepo mtu anayefanya kazi peke yake. Siku mega itakaposoma chini ya kiwango baada ya kukaushwa, au tochi itakapoonyesha maji ndani ya krenkesi, simamisheni kazi na mtafute fundi wa vichwa wa karakana ya reli aje aone kwa macho yake. Wastaafu wenu hawakosi kumjua aliye Morogoro.

Na Novemba? Maonyesho yafanyeni. Honi ya kichwa hutumia hewa, na hewa hiyo inaweza kutoka kwenye kompresa ya kawaida ya gereji za Ngamiani yenye tangi lake na regyuleta, ikiunganishwa na bomba la honi peke yake baada ya kulitenga na mfumo mwingine wote wa breki. Mzee akae kwenye kiti cha dereva na aivute yeye. Taa ya kabini inaweza kuwashwa kwa waya na betri ya pembeni isiyogusa nyaya za kichwa. Wekeni meza yenye daftari, chupa ya oili mliyokinga kwenye sampo, na picha za tochi kutoka ndani ya injini, na vijana wawaeleze wageni kwa nini haijawaka na ni nini kinachohitajika ili siku moja iwake. Mtu akielezwa hivyo anajua mchango wake unanunua bati gani. Kisha Jumatatu inayofuata niandikie vipimo vya mega, silinda kwa silinda mlichokiona chini ya laina, na nakala ya rasimu ya makubaliano kabla hamjaisaini.